Kwa Papa Furaha, Aliyeunda Gari ya Mashindano ya Ngungu

Papa Furaha wangu,

Sijui barua hii itakukuta wapi, ao kama uko bado mahali ambapo barua hufika. Naandika tu, kwa kuwa kuna neno nimelikalia miaka saba na linanimaliza.

Unakumbuka ile masika ulipounda gari nyuma ya hangari ya pareto? Bwana mwenye shamba alikuwa ameona magari ya mashindano katika gazeti la Ulaya, akataka lake. Wewe ulichukua moteri ya kamyo ya mizigo iliyopinduka, ukafua mapipa ya mafuta kwa nyundo mpaka yakawa mwili mrefu kama wa samaki. Mimi nilishona kiti kwa ngozi ya ng'ombe wa baba yangu. Siku ya Mungu moja, kisha misa, Bwana alikuwa ameshuka Goma, ukanipandisha. Upepo ulichukua kitambaa changu cha kichwa, tukacheka mpaka machozi. Ukaniambia, "Mama Furaha, hii gari inanisikia kuliko muntu."

Halafu wazungu wa mashamba wakapanga kushindana toka Ngungu mpaka Sake. Mutu mweusi hakuruhusiwa kushika vola na kuendesha. Gari uliunda wewe, kila kona uliijaribu wewe, lakini siku yenyewe ulikalishwa kando ya Bwana, kazi yako kupampu mafuta. Asubuhi ile ulimwambia freni ya mbele, ile ya kusimamisha gari, ina ufa. Akajibu utaitengeneza mashindano yakiisha.

Nilisimama kwenye kona ya chini, kati ya wanawake wauza maziwa. Niliona gari inashuka, mikono ya Bwana kwenye vola, wewe umeinamia pampu. Haikukata kona, ikaja juu yetu. Mama mmoja, hatua tatu tu kando yangu, hakuamka tena.

Jua halijazama Bwana alikuwa ameshasema kwamba wewe ndiye uliyeendesha. Nikaitwa kwa Bulamatari, mkubwa wa serikali. Mlangoni karani alininong'oneza kwamba atakayempinga Bwana atatoka katika kambi ya wafanyakazi siku hiyohiyo, yeye na watoto wake. Furaha alikuwa mgongoni, mwingine tumboni. Ndani nikakukuta umefungwa mikono. Wakaniuliza nani alishika vola.

"Sikuona," nikasema.

Uliniangalia. Hukukasirika. Mpaka leo natafuta maana ya macho yale: ulitaka ninyamaze, ao ulikuwa unangoja niseme?

Walikupeleka Walikale, kufungua barabara ya pori. Nasi tulifukuzwa vilevile, mwezi haujaisha. Mimba ilitoka njiani, tukienda Nyabiondo. Mwanamume mmoja aliyerudi kutoka kazi ile alisema wenye homa walihamishwa, hajui wapi. Nilimuuliza kama alikuona. Alisema wote walikuwa wamekonda, walifanana.

Mwaka uliopita nilikwenda kwa Bulamatari kusema ukweli. Karani mpya alisikiliza akiwa amesimama, akasema maneno hayo yamekwisha zamani. Hata jina langu hakuandika. Ukutani walikuwa wamebandika ukurasa wa gazeti: Bwana kando ya gari yako, imenyooshwa, imepakwa rangi. Nilimwomba karani anisomee yale maneno ya Kifaransa. Ilisema aliiunda kwa mikono yake mwenyewe.

Furaha amekua. Shuleni wanamwita mutoto wa muuaji. Juma lililopita, tukichambua maharagi, nilimweleza yote.

"Mama, wewe uliona?"

"Niliona."

"Sasa kwa nini ulisema haukuona?"

Nilimwambia habari ya kambi, ya mimba, ya woga. Alinisikiliza mpaka mwisho, akainuka, akaacha maharagi yake kwenye ungo. Toka siku hiyo anakula kwa jirani. Mimi napika kidogo, kisha chakula kinalala.

Siombi unisamehe. Kama uko hai, ujue kwamba mutoto wako anajua nani alishika vola. Kama hauko, Mungu akupe mahali pa kupumzika, maana mimi nilikuwa na neno moja la kukupa nikakunyima.

Mimi mke wako,
Mama Furaha