Nyumba Kimya Kuliko Zote

Savaii, 4 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Magoti yanasemaje? Mimi mzima, ila nyumba hii ya mwalimu ni kubwa na niko peke yangu. Nazungumza na birika.

Nafundisha maneno ya kulinganisha katika insha: refu, refu zaidi, refu kuliko yote. Watoto wamegoma kulinganisha mikeka ya kijijini. "Mwalimu, mikeka yote mizuri," wananiambia, macho chini. Basi nikatoa mfano mwenyewe. Bibi Fuatino, jirani wa shule, alikuwa ameketi dirishani pa darasa akimngoja mjukuu wake Sieni, mwanafunzi wangu, na mkeka wake wa sherehe umeanikwa uani kwake. Nikasema kwa sauti, "Mkeka wa Bibi Fuatino ndio mzuri kuliko yote kisiwani Savaii!" Jioni Bibi akaniletea mkeka wenyewe. Nilikataa, wapi! Nimefanya nini, Baba?

Binti yako,
Lagi

Auckland, 15 Machi

Mwanangu Lagi,

Marahaba. Magoti yananguruma, mengine salama.

Umeomba, mwanangu. Kwetu ukisifu kitu mbele ya mwenyewe umeshakiomba, na mwenye heshima hanyimi. Wewe umekulia huku, watu wanasifu viatu vya mtu kisha wanakwenda zao. Usiurudishe, utamtukana. Ngoja wawe na shughuli, uupeleke kuwa mchango wako. Lakini mkeka hupelekwa na ukoo, si mtu mmoja kama mwizi.

Baba yako

Savaii, 2 Aprili

Baba,

Shikamoo. Shangazi yake Sieni anaolewa mwezi ujao, na mkeka ule ulisukwa kwa ajili yake! Naona aibu hata kupita mbele yao. Njoo tuupeleke. Ukoo wangu ni wewe tu.

Lagi

Savaii, 20 Mei

Baba,

Shikamoo. Hujambo kweli? Wiki ya harusi nilikungoja kwenye feri mpaka abiria wakaisha. Hukuja, hukujibu. Niliumia.

Wiki ile watoto walisoma insha zao. Sieni akasoma, "Nyumba ya mwalimu ndiyo kimya kuliko zote kijijini." Bibi yake alikuwa dirishani. Jioni akaja na Sieni na mto wa kulalia. "Mtoto kashaiomba nyumba," akasema, "sisi tufanyeje? Sogea huko!" Sieni analala hapa tangu siku hiyo, na anakoroma.

Siku ya harusi Bibi Fuatino akasimama upande wangu kama ukoo wangu, akashika ncha moja ya mkeka, mimi nyingine, tukauingiza nyumbani kwake. Kisha akazunguka upande wa pili akaupokea, "Lo! Mkeka gani huu!" utadhani hajawahi kuuona. Watu walicheka hadi machozi. Nami nilicheka, Baba, nikikutafuta mlangoni.

Lagi

Auckland, 9 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Begi nililifunga, nikafika nalo mlangoni, nikarudi ndani. Tangu tumzike mama yako huko, naogopa kushuka feri ile bila yeye.

Nafurahi umepata watu. Mwambie Sieni insha yake ni nzuri, ila ina kosa. Nyumba kimya kuliko zote ni hii yangu, na nimeyasema haya kwa sauti kabla ya kuandika, lakini dirishani hapakuwa na mtu.

Baba yako