Ushuhuda wa Tumbo Langu Umemponza Mama Mkwe

Mama Jasmine, mshauri wetu wa redioni, mimi ni msikilizaji wako wa hapa Njombe mjini, nakuomba msaada na nakuomba vilevile usitaje jina langu, maana ni mtu ninayeheshimika, nanunua maparachichi vijijini na kuyapeleka Makambako, na kanisani ni mzee wa kanisa, kwa hiyo utaona mwenyewe jambo hili lilivyo gumu.

Tumbo lilinianza mwaka jana, nilikuwa nashinda barabarani na chai ya rangi tu, usiku ndiyo najaza ugali na maharage yenye pilipili, na msimu wa ulanzi, pombe yetu ya mianzi, ukifika si unajua mwenyewe, mtu hupiti kijiji cha Kichiwa ukaacha kuonja, kiungulia kikanishika, tumbo likawaka kama nimemeza kaa la moto, hospitali wakasema ni gastraitisi, yaani ukuta wa tumbo umevimba, wakanipa vidonge vya kumeza asubuhi kabla ya kula, nikameza mpaka vikaisha, lakini wakati huohuo nikaona kwenye simu mafunzo ya Ayurveda, tiba ya zamani ya Wahindi, mwalimu akaeleza kwamba kuna watu miili yao ina moto mwingi, nikajiona ni mimi kabisa, maana hata hasira ninazo. Nikafuata yote, chakula kikubwa mchana jua likiwa utosini, jioni kidogo tena mapema, kutafuna taratibu bila kugombana na mtu mezani, pilipili basi, vitu vichachu basi, ulanzi basi, samli kidogo kwenye wali, maboga, ndizi mbivu, na kila asubuhi maji yaliyolala na mbegu za giligilani, nilizinunua Makambako kwenye duka la viungo. Nikapona. Kweli nilipona, hapo sisemi uongo.

Uongo ulikuja kwenye jumuiya. Tulikuwa tunasali Kichiwa nyumbani kwa wakwe zangu, wakaita wenye ushuhuda, nikasimama, nikaanza vizuri tu, nikaeleza vyakula, lakini nilipoona watu wananisikiliza, hata mchungaji ameacha kuangalia saa, nikasikia mdomo wangu unasema sikumeza hata kidonge kimoja. Mama Jasmine, vidonge havina hadithi, mtu asimame aseme nilienda hospitali nikapewa dawa nikapona, nani ataitikia amina? Siku ile walishangilia mpaka kuimba, na tangu hapo sokoni wananiita Dokta, wananipigia simu kuniuliza wale nini, na mimi sikukataa.

Sasa mama mkwe wangu naye ana tumbo hilohilo na alikuwa na vidonge vyake, kumbe baada ya ibada alikwenda kuvitupa chooni vyote, anakunywa maji ya giligilani tu, na magoti yakimuuma anameza dawa za maumivu za dukani, anasema hizo ni za magoti, haziingiliani na tumbo. Mke wangu Idda alikwenda kumwona juzi, akamkuta amekonda, akisimama anashika ukuta, na mambo ya chooni, samahani, yamekuwa meusi kama lami. Idda akamsihi arudi hospitali, mama akamjibu kwamba mwenye tumbo ameshashuhudia mbele za Mungu, yeye Idda ni nani wa kumpinga mumewe. Idda anajua ukweli, maji ya kumezea vidonge alikuwa ananiletea yeye, na sasa haongei na mimi, ananiwekea chakula mchana jua likiwa utosini, kisha anaondoka.

Mimi nikamwambie nini mama wa watu? Kwetu Wabena mtu na mama mkwe wanasalimiana kwa mbali, yeye anatazama jiko, mimi natazama miti ya misindano kule mlimani, habari za tumbo hazigusiki, sembuse za choo. Na mchungaji atanionaje, na wale wa sokoni? Ndipo nikawaza, kwa kuwa mama hakosi kipindi chako hata wiki moja, wewe utoe somo la jumla kuhusu vidonge na vyakula bila kutaja mtu, atasikia, atarudi hospitali mwenyewe, na mimi nitabaki na heshima yangu. Kipindi cha wiki hii kikiwezekana.

Mkwe mwenye wasiwasi, Njombe

MAMA JASMINE ANAJIBU

Mkwe mwenye wasiwasi, barua yako niliisoma jana mchana na sikungoja kipindi. Nilikutumia ujumbe kwenye namba uliyoiandika: mpeleke mama hospitali leo hii. Ukanijibu, "Asante sana mama, nitasikiliza kesho." Nilikaa na simu mkononi, sijui nicheke au nilie.

Pole kwa tumbo, najua linavyouma. Na sina ugomvi na Ayurveda yako. Kula kwa wakati, kutojaza tumbo usiku, kuacha pilipili na ulanzi, kutafuna bila kugombana, nani atapinga? Nadhani hata daktari alikwambia uache ulanzi, ila yeye hakuwa na video. Endelea na milo yako hiyo, na giligilani kama inakukubali. Lakini ulikuwa na msaada wa aina mbili, mmoja ukautangaza na mwingine ukauficha, na huo uliouficha ndio mama wa watu ameutupa chooni.

Halafu hilo la lami. Umelichomeka katikati ya barua, baada ya maparachichi, baada ya ulanzi, ukaliombea na samahani. Baba, huo ulipaswa kuwa mstari wako wa kwanza. Choo cheusi namna hiyo kwa mgonjwa wa tumbo kinaweza kuwa damu inavuja ndani, na hizo dawa za magoti huenda ndizo zinazolichuna tumbo. Anashika ukuta akisimama, na wewe unangoja somo la jumla! Hili halingoji giligilani wala samli. Kuomba ombeni, lakini mkiwa ndani ya gari.

Unaniambia habari ya heshima. Kumtajia mama mkwe choo ni aibu, ila kumdanganya nyumbani kwake, mbele ya mchungaji wake, hilo lilipita. Haya, nakuachia aibu yako. Ya chooni Idda atamweleza daktari. Wewe una maneno matatu tu ya kusema: "Mama, nilimeza vidonge." Ukitaka yaseme huku unatazama misindano, mradi ayasikie.

Gari unalo, hilo la maparachichi. Shusha matenga, mama akae mbele na Idda pembeni yake. Bebeni na zile dawa za magoti ili daktari azione, na asimeze nyingine hata moja mpaka daktari aseme. Mama akishatulia, rudi kwenye jumuiya, usimame palepale uliposimama, useme ulivyopona kweli, na vidonge ukivitaja. Wale wanaokupigia simu wanakuita Dokta, hatujui ni wangapi wengine wametupa dawa zao. Mchungaji atakuona mwongo kwa muda. Vumilia, hutakufa kwa hilo.

Umeniomba nisitaje jina, na sitalitaja. Lakini umesema mama ananisikiliza kila wiki, basi niruhusu nimsalimie.

Kamwene, mama wa Kichiwa. Shikamoo. Nazungumza na wewe uliyeacha vidonge baada ya kusikia ushuhuda nyumbani kwako. Aliyeshuhudia alimeza vidonge, mama, kila asubuhi, mpaka vikaisha. Ameniandikia mwenyewe. Hukufanya kosa kumwamini mkweo. Sasa vaa koti lako, nje kuna baridi, mwite jirani akushike mkono, mkamngoje barabarani. Na asipotokea, mwambie jirani asimamishe gari la kwanza linalokwenda hospitali.