Mashine ya Kukimbia

Jumanne, Kibenga

Deo amesinzia kitini, mkono nimemfunga kwa kipande cha kitenge. Damu bado inatoka, lakini hospitali ni mpaka couvre-feu iishe asubuhi; tangu vita isogee, usiku ni marufuku kutoka nje.

Na nilimwambia! Toa kwanza waya ukutani. Mume wangu akanicheka: "Courant iko wapi? Si imekatika tangu juzi?" Akafungua mashine yake ya kukimbia, akaingiza vidole chini ya mkanda. Hata swichi hakuizima. Umeme ukarudi.

Tulitaka kuihamisha vipande vipande, majirani wasijue tunaondoka. Sasa ikanguruma, na yeye akapiga kelele, mpaka Mama Aline akaita kutoka ng'ambo ya ukuta:

"Ni nini? Munakimbia?"

"Apana, Mama Aline. Ni mashine tu."

Nikadhani ameenda.

"Siku mutakimbia, mutuambie. Mi na watoto tuko peke yetu."

Nikamwambia ndiyo, tutawaambia.

Tunaondoka Alhamisi alfajiri. Kwenye gari imebaki nafasi moja, na Deo ameitengea mashine yake.