Hukusema Mizinga Ni ya Nani

Baba,

Sikuandikii kukulilia. Nililia msibani mpaka sauti ikakauka, inatosha. Leo nimekasirika, na wa kwanza kwenye hasira yangu ni wewe.

Mdogo wako Lado amechoma mizinga. Matanga hayajapoa, akavuka daraja na wenzake wawili, wakapita mtaa wa Sherikat mpaka kwenye mikwaju yetu, mchana kweupe, wakiwa na nyasi za kuwashia moto na mafuta ya taa. Hawakufukiza, walichoma. Wakakomba masega yote, hata yenye majana, watoto wa nyuki, wakayakamua pamoja kama nguo chafu. Nilipofika nilikuta nyuki wametapakaa chini, mabawa yameungua. Watu husema fuata nyuki ule asali. Hawa wameifuata asali wakaua nyuki!

Wewe ulinifundishaje? Siku ya kurina asali hatuogi kwa sabuni ya harufu. Moshi wa kinyesi kikavu cha ng'ombe, kidogo kidogo, jua likishainama. Na masega ya pembeni hatugusi: "Hicho ni chakula chao, Keji. Ukimlaza njaa mwenye nyumba, kesho nani atakufungulia?" Tangu ukimbizini Uganda mpaka tuliporudi, ni mimi niliyepanda mti. Ni mimi niliyeumwa mpaka jicho likafumba, nawe uko chini unacheka kwamba nyuki wamenipenda.

Nilimwendea Baba Mdogo kwake mtaa wa Malakia. Akanijibu mbele ya wageni, "Wewe mwanamke, mizinga ya kaka yangu unataka ya nini? Hii iko ya wanaume. Khalas, basi." Nikatazama kila uso pale, nikimtafuta mtu mmoja aliyewahi kukusikia ukisema mizinga ni yangu. Hakuna. Kila mwaka nilikuomba uwaambie, kila mwaka ukajibu, "Tukimaliza kurina, nitasema." Tulirina, Baba. Tulirina mara ngapi? Ulimwogopa mdogo wako, ukaniachia mimi nipigane naye. Basi nisikie: ulinikosea.

Asali hiyo Lado ameipeleka soko la Custom, kwenye chupa zenye jina lako. Nalongo, yule mama Mganda mteja wetu wa siku zote, aliionja akaitema. Akanipigia simu: "Keji, hii iko na majivu! Mzee alikuwa hauzi kitu namna hii." Niliona aibu kana kwamba nimeikamua mwenyewe.

Kundi moja lilipona. Nililikuta limening'inia kwenye tawi la chini, nikalikung'utia kwenye mzinga mpya, nikauleta hapa nyuma ya nyumba ya Mama. Juzi Lado alikuja kuudai, eti hao nyuki ni wa kaka yake. Nikamfungulia uzio. Nikamwambia aufungue mzinga mwenyewe, bila moto. Aliutazama mzinga, akanitazama mimi, akaondoka akitukana.

Haya, Baba, pumzika. Nakupenda, na hasira bado ninayo. Jumapili nitavileta vyote viwili, upendo na hasira, kaburini, uvipokee. Poni, mjukuu wako, anataka mzinga wake mwenyewe. Nitampa. Nitamwita Lado, nitawaita majirani na mchungaji, niseme kwa sauti kwamba mzinga ni wa Poni. Nitasema ningali na pumzi, ili binti yangu asije akahitaji kuniandikia barua kama hii.

Keji wako