Mitungi ya Mama, Jina la Kaka

Nyumba ya Wafinyanzi,
Nyuma ya kiwanda cha mbao,
S.L.P. 41.
14 Juni

Mpendwa mdogo wangu,

Pokea salamu zetu nyingi. Kifua kinaendeleaje? Na baridi ya huko, mmeshapatana au bado mnagombana? Sisi miili ni mizima. Moyo ndio unaouma, ndiyo maana nimeshika kalamu.

Tangu Januari Mama alikuwa akifinyanga mitungi mikubwa, thelathini na mmoja kwa jumla. Kuni nilipasua mimi. Tulichoma siku tatu mfululizo, tukipokezana mlangoni pa tanuri. Ilitoka mizuri ajabu! Majivu yalipaa na moto, yakatua mabegani mwa mitungi na kuyeyuka kama kioo, mahali kijani, mahali rangi ya asali.

Kaka akaja na gari, akasema ataipeleka kwenye maonyesho. Tukamfungia vizuri kwa nyasi kavu, tukamshukuru. Tulimshukuru, hebu fikiria!

Siku ya ufunguzi nikampeleka Mama bila kumwarifu Kaka. Alivaa vile viatu vinavyombana, kwa kuwa ndivyo vizuri. Kufika ukumbini, kila mtungi una kikaratasi chenye jina la Kaka. Lake tu. Mwanamke mmoja wa miwani alikuwa akimuuliza rangi ile imetoka wapi. Kaka akababaika, akataja dawa sijui gani ya kupaka.

"Hatupaki kitu," Mama akasema. "Ni majivu ya kuni."

Watu wakageuka. Kaka akacheka, akamshika Mama bega. "Huyu ni mama yangu. Hunisaidia kupanga kuni."

Nilifungua mdomo, Mama akanifinya mkono. Njiani akaniambia, "Ungemwaibisha mwanangu mbele za watu." Hasira ninayo mpaka leo, na sehemu yake ni ya Mama, Mungu anisamehe.

Kaka akapewa zawadi ya kwanza. Wiki mbili baadaye akaja na oda ya mitungi mingine kumi na miwili. Mama akamwonyesha rundo la udongo. "Huo hapo, msanii. Finyanga."

Akafinyanga kweli. Hakusubiri ikauke, akaipanga tanurini na kuwasha moto mkali. Tukaisikia ikipasuka mmoja baada ya mwingine. Mimi nilicheka. Mama alilia.

Tangu hapo hajagusa udongo. Anasema mikono imechoka. Imechoka wapi, na jana amelima bustani nzima peke yake? Kaka hajaomba radhi. Anadai mimi ndiye niliyemjaza Mama maneno.

Ndipo ikafika barua yako ya kutupongeza kwa ushindi wa Kaka. Mama alitaka niisome kwa sauti. Nikafika pale ulipoandika kuwa umebandika picha yake sebuleni, kwamba hatimaye ukoo wetu umepata fundi.

"Rudia hapo," Mama akasema.

Nikarudia. Akauliza taratibu, "Kwani na huyu naye alikuwa hajui?"

Mjibu wewe. Na bahasha uiandike jina lake, usiipitishe kwangu.

Shangazi anakusalimu. Nisalimie shemeji na watoto. Mungu awafunike huko mliko.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda ingawa nimenuna.