Usukani Uliopinda

Jumanne usiku

Bado sijatulia. Nilipeleka baiskeli ya marehemu mume wangu kwa fundi, Koboko mjini, abadilishe usukani, maana nikiiendesha kutoka Midia viganja vinakufa ganzi. Upande wa kushoto umeinama. Miaka yote nilijua ilianguka.

Nilimwambia hivyo, fundi akacheka. "Ilianguka wapi, mama? Mzee mwenyewe alisema, kunja hapa. Mkono yake ya kushoto ilikataa kupanda juu."

Ilikataa? Na kila Jumapili alinipakia nyuma, akiimba, akisema, "Shika vizuri, mke wangu!" Hata siku moja hakuniambia.

Nilichagua usukani mpana, unaorudi nyuma kidogo. Njia nzima viganja havikuuma. Ningefurahi, lakini kila kilima nilijiuliza yeye alikipandaje.