Walii wa Hajarah

Malukhu, Mbale
12 Mei 2023

Kaka yangu Hamuza,

Assalam aleikum. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi Mastula na wote wa nyumbani hapo Mafubira. Mguu je? Kidonda kimekauka? Sisi huku hatujambo, ila mvua inanyesha kila siku na nguo hazikauki. Ningekupigia simu, lakini masikio yako tunayajua, na neno hili si la kupigiwa kelele mpaka majirani walisikie. Ndiyo maana nimempa Isiko, dereva wa teksi, akutie mkononi mwenyewe.

Kaka, nimemwona Gaster.

Gaster Mafabi, yule askari wa gereza aliyekuwa akiwaleta wafungwa kufyeka uwanja wa baba mwaka sabini na nane. Nilikuwa nawapelekea maji, na mwishowe maji yakawa ya mtu mmoja. Ulisimama mlangoni pa chumba changu ukaniambia umefika kwao Busiu, umemkuta na mke mwenye mimba kubwa, na mimi nilikuwa mchezo wake wa mjini tu. Nililia mpaka sauti ikakauka. Baba aliponiletea posa ya Hajji Nasif, sikuuliza hata sura yake. Nikaolewa, nikaja huku.

Sasa, Jumatatu nilichukua kanzu tatu za marehemu Hajji nizipeleke kwa fundi zipunguzwe. Kuna mzee ameanza kushona mwaka huu kwenye baraza karibu na msikiti. Nikamwambia, "Fundi, hizi nataka zikatwe mikono." Mguu wake ukasimama kwenye cherehani. Hakuinua kichwa. Akasema, "Mimi najua hii sauti. Hii ni sauti ya nyumba ya Hajji Mugweri."

Nilishika nguzo. Miaka arobaini na mitano, kaka, na unajua nilimwambia nini? "Mke wako hajambo?"

"Mke gani?" akasema.

Mwaka ule hakuwa na mke. Alikuwa jela! Ndani ya gereza lilelile alilokuwa akililinda. Walikuta jora la kitambaa cha duka letu chini ya kitanda chake, akafungwa miaka mitatu. Kushona alijifunza huko ndani. Na huko ndani ndiko alikosilimu, kwa sababu aliniahidi, ingawa wakati huo mimi nilikuwa nimeshaolewa. Alioa baadaye, mke akafariki, ana binti mmoja mtu mzima. Siku zote alijua niko Mbale na mume wangu, akaona si heshima kunisogelea.

Naomba unijibu neno moja tu. Baba ndiye aliyefanya haya?

Dada yako,
Hajarah


Mafubira, Jinja
20 Mei 2023

Mpendwa dada Hajarah,

Waaleikum salaam. Barua yako imenifikia. Mimi niko hivyo hivyo, sukari ikipanda na kushuka, Mungu ashukuriwe. Mastula anakusalimu sana, anauliza lini utakuja.

Dada, yaliyopita si ndwele. Baba yuko kaburini tangu mwaka wa tisini na moja, hawezi kusimama kujitetea, na si adabu sisi watoto wake kumfukua kwa maneno ya mtu wa barazani. Nenda gereza lolote uulize: hakuna aliyeiba. Wote wamesingiziwa.

Na hebu jiangalie wewe ni nani. Wewe ni binti wa Hajji Mugweri. Ni mjane wa Hajji Nasif, ambaye Mbale nzima ilifunga maduka siku ya maziko yake. Unasimama vipi kwenye baraza kuongea mambo ya ujana na fundi cherehani aliyewahi kuvaa nguo za wafungwa? Watu wanakuona. Kanzu hizo mpe fundi mwingine.

Jitunze. Ukija nitakuchinjia kuku.

Kaka yako,
Hamuza


Malukhu, Mbale
2 Juni 2023

Kaka Hamuza,

Salaam. Tuko wazima. Natumai sukari imetulia.

Sikukuuliza kama Gaster ni mwizi. Nilikuuliza habari ya baba, na wewe umenijibu habari ya kuku.

Basi nilirudi barazani. Nikakaa kwenye benchi la wateja nikamwuliza, "Nani alitoa ushahidi?" Akaendelea kushona. "Wacha hiyo, mama. Mimi nimeshazeeka nayo." Nikamwambia sitoki hapo. Alimaliza pindo lote, akakata uzi, ndipo akasema: "Kaka yako alisimama mbele ya hakimu. Alisema aliona mimi nabeba. Aliapa."

Wewe.

Nimekuwa nikisema labda amesahau, labda alikuwa Hamuza mwingine. Kisha nakumbuka mlango wa chumba changu na wewe umesimama hapo. Nataka useme mwenyewe.

La pili. Gaster ameomba anioe, nami nimekubali. Usitupe karatasi, soma. Nina miaka sitini na minne, watoto wangu wameoa na kuolewa, na sikumwomba mtu ruhusa ya kuzeeka. Lakini sheikh wetu wa hapa amesema ndoa inataka walii. Baba hayupo, na ndugu wa kiume ninaye mmoja tu. Mtu wa kuniozesha kwa Gaster Mafabi ni wewe.

Nangoja.

Hajarah


Mafubira, Jinja
11 Agosti 2023

Dada yangu Hajarah,

Assalam aleikum. Najua umengoja zaidi ya miezi miwili. Barua yako ilikuwa chini ya msala wangu. Kila nikisujudu, karatasi inalia.

Ni kweli nilitoa ushahidi. Lakini hilo ni dogo.

Jora lile nililichukua mimi dukani, mchana, Gaster akiwa shambani na wafungwa. Nilipita nalo kwenye nyumba za maaskari kama mtu aliyetumwa. Mlango haukuwa na kufuli; hakuwa na kitu cha kufungia. Nikaliweka chini ya kitanda chake, nikaenda kushtaki.

Baba hakujua, Hajarah.

Tena kuna hili, ambalo hata Gaster hajui mwisho wake. Kabla ya hapo alikuja dukani amevaa sare. Akavua kofia, akamwambia baba anataka kusilimu akuoe. Mimi nilikuwa nyuma ya kaunta, nikangoja baba amfukuze. Baba akamwambia tu, "Nenda, nitakupa jibu." Alipotoka, baba akacheka, akaniambia: "Huyu ana moyo. Mimi nilikuwa mchukuzi wa marobota pale stesheni, sina viatu, na babu yenu akanipa mama yenu. Mwambie dada yako kwamba nimekubali. Na huyo askari mwambie alete wazee wake."

Alinituma mimi. Sikumwambia Gaster, na sikukuambia wewe.

Wakati ule nilikuwa nimemposa Mastula. Unakumbuka kwao: magari mawili, kinu cha kahawa, kaka zake wamesoma. Niliwawazia wakisema, hawa ndio tunaowapa binti yetu, watu wanaomwoza binti yao kwa mlinzi wa wafungwa? Niliona aibu. Hiyo ndiyo sababu yote. Miezi hii miwili nimetafuta sababu nyingine iliyo kubwa zaidi, sikuipata.

Baba alipoambiwa kuwa Gaster ameiba, aliniuliza mara mbili, "Una hakika?" Nikasema nimemwona kwa macho yangu. Ndipo akakuozesha haraka, akidhani anakufunika aibu. Na tisini na moja, alipokuwa kitandani na akakuita ukakataa kuja, alikuwa akiniuliza: "Nimemkosea nini huyu mtoto?" Nilikuwa nimemshika mkono. Nilijua. Nikanyamaza mpaka akakata roho.

Kuhusu kuja Mbale, mguu hauniruhusu kusafiri.

Kaka yako,
Hamuza


Malukhu, Mbale
14 Agosti 2023

Hamuza,

Nilisoma barua yako nimesimama jikoni. Maharage yakaungua, moshi ukajaa nyumba, mimi nimesimama. Shamira alikuwa amekuja kunitembelea, akaingia mbio akaniuliza, "Mama, nani amekufa?" Nikamwambia, "Baba yangu." Akanishika bega: "Mama, babu alikufa zamani." Nikamwambia hapana, leo.

Unajua baba aliponiita nilimjibu nini? Nilimrudisha mjumbe na maneno haya: mwambieni mtu aliyeniuza kwa Hajji Nasif aite mali yake nyingine. Je, alifikishiwa? Usinijibu. Najua alifikishiwa, ulikuwa umemshika mkono.

Miaka thelathini na miwili nimemwombea dua kwa meno yaliyokaza. Naye alikuwa amekubali. Alicheka, akasema ana moyo.

Siwezi kuandika sana.

Sikiliza. Uliapa mbele ya hakimu, watu wakakusikia. Utalifungua hilo mbele ya watu, wakusikie vilevile. Ndoa ni Ijumaa tarehe 15 Septemba, baada ya swala, hapa msikitini. Ukija, njoo na maneno hayo mdomoni. Usipokuja, yaandike yasomwe, na umpe sheikh uwakala aniozeshe kwa niaba yako. Bila hayo sikutaki uwe walii wangu, na sheikh nitamweleza kwa nini.

Gaster sijamwambia. Hiyo si kazi yangu.

Hajarah binti Mugweri


Mafubira, Jinja
10 Septemba 2023

Dada Hajarah,

Assalam aleikum. Nakuandikia mistari michache kwanza, halafu yanayofuata mpe sheikh.

Nilikuambia mguu hauniruhusu. Mguu unaruhusu, juzi nilikwenda Iganga nikarudi. Uso ndio hauruhusu. Nilianza safari Jumatano, nikafika stendi, Isiko akanifungulia mlango wa mbele. Nikageuka.

Mastula nimemwambia. Alikuwa anachambua mchele. Akaniuliza, "Kwa ajili yangu?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Mimi ningeolewa na wewe hata kama dada yako angeolewa na mfungwa mwenyewe." Akaendelea kuchambua. Tangu siku hiyo ananipa chakula bila neno.

Haya ndiyo ya kusomwa:

Mimi Hamuza, mwana wa Hajji Mugweri wa Jinja, mwenye akili timamu, nasema mbele ya Mwenyezi Mungu na mbele yenu mliokusanyika. Mwaka 1978 niliapa uongo juu ya Gaster Mafabi. Hakuiba. Jora la kitambaa nililiweka mimi kwa mikono yangu chini ya kitanda chake. Alifungwa miaka mitatu kwa kosa langu. Baba yangu alikuwa amekubali amuoe dada yangu Hajarah, na neno hilo nililificha mpaka leo. Yeyote aliyewahi kumwita Gaster mwizi, alifanya hivyo kwa sababu yangu. Baba yangu hana hatia. Dada yangu hana hatia.

Nampa sheikh uwakala amwozeshe dada yangu Hajarah kwa Gaster Mafabi kwa niaba yangu, nikiwa nimeridhika. Wakati wa kuridhika ulikuwa miaka arobaini na mitano iliyopita.

Hamuza Mugweri


Malukhu, Mbale
17 Septemba 2023

Kaka Hamuza,

Waaleikum salaam. Sisi ni wazima. Nakuandikia kwa sababu ni haki yako kujua ilivyokuwa.

Watu walikuwa wengi kuliko nilivyotaka. Wengine walikuja kwa ndoa, wengine kwa udaku: mjane wa Hajji Nasif anaolewa na fundi wa barazani. Sisi wanawake tulikaa nyuma ya pazia, Shamira upande huu, na Daphine, binti yake Gaster, upande ule. Daphine ni mlokole, alikuwa amejifunga kitambaa cha kuazima, kinamponyoka kila mara.

Sheikh akaanza kusoma. Alipofika kwenye jora, watu walianza kugeuka kumtazama bwana harusi. Nilisogeza pazia kidogo nimwone Gaster. Alikuwa amekaa chini, mikono juu ya magoti, mdomo wazi kama mtu aliyemwagiwa maji. Kaka, hakujua! Miaka yote alidhani ni askari mwenzake aliyeiba akaficha kwake, na wewe ukamwona mtu kwa mbali ukakosea. Alikuwa amekutafutia udhuru.

Akainua mkono. "Sheikh, wacha hapo. Imetosha. Huyu mzee ni mgonjwa."

Sheikh akasita, akaanza kukunja karatasi. Nikasimama. Najua si desturi, lakini nilisimama nikasema kutoka nyuma ya pazia: "Soma yote."

Sheikh akatazama chini, akaifungua tena, akasoma yote. Alipofika mahali pa baba, kwamba alikuwa amekubali, Gaster alijifunika uso kwa kofia yake, na mabega yakatikisika. Daphine akanishika mkono akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mama, alikuwa amekubaliwa?" Nikamfunga vizuri kitambaa chake.

Mzee mmoja wa safu ya mbele akauliza kama mtu wa namna hii anafaa kuwa walii. Wakabishana kidogo. Sheikh akamgeukia Gaster: "Wewe ndiye uliyedhulumiwa. Unasemaje?"

Gaster akafuta uso. Akasema, "Mimi nilikaa ndani miaka tatu, nikasema iko siku mtu atasema huyu hakuiba. Mama yangu alikufa bila kusikia. Leo mtu amesema. Basi awe walii, afunge hii kazi."

Sheikh akatuozesha kwa jina lako.

Tumekula pilau, watu wameondoka. Mzee yule wa safu ya mbele alileta kitambaa chake kesho yake, ashonewe kanzu. Gaster amempima.

Gaster anasema uje. Anasema atakuja stendi mwenyewe kukupokea, na usiogope uso, wazee wote nyuso zao zimeharibika. Yeye amekusamehe, naye si mtu wa kusema asilolitaka.

Mimi bado. Wiki ijayo nakuja Jinja, lakini siji kwako. Nakwenda kwenye kaburi la baba, nina maneno naye, na nataka tuwe wawili tu. Usinifuate huko. Mwambie Mastula nitampitia sokoni.

Siku nitakayotaka kukuona nitakuandikia. Mimi mwenyewe, kwa mkono wangu. Mpaka hapo, kula dawa, na usife.

Dada yako,
Hajarah